Dhahabu Isikikayo

Ijumaa ya tarehe 5 Februari, 1869, karibu na kijiji cha Moliagul katika koloni la Victoria, kusini-mashariki ya Australia, John Deason, mzaliwa wa visiwa vya Scilly, pwani ya Cornwall, alikuwa akifukua udongo penye mizizi ya mti, kazi isiyo na fahari yoyote, ambayo yeye na mshirika wake Richard Oates waliizoea kama mkulima azoeavyo jembe lake, mara ncha ya sururu ikagonga kitu kigumu. Akadhani ni jiwe. Akapiga mara ya pili, akapiga ya tatu, na jiwe halikupasuka. Basi alipoinama na kuufagia udongo kwa kiganja, akaona rangi ambayo mchimba dhahabu hana haja ya kuelezwa. Wale wawili, kwa hadhari ya watu wajuao macho ya jirani yanavyoona mbali, walilifunika bonge lao, wakangoja mpaka giza likaingia, ndipo wakalichimbua na kulipeleka nyumbani kwa Deason, wakalitia motoni ili mawe meupe ya kwatzi yaliyoshikamana nalo yapate kupasuka na kubanduka.

Walipolifikisha katika mji wa Dunolly, benki haikuwa na mizani ya kulichukua. Likapelekwa kwa mhunzi, likalazwa juu ya fuawe na kukatwa, na vipande ndivyo vilivyopimwa: wakia 2,316, yaani kilo 72 hivi za dhahabu, nao wakalipwa zaidi ya pauni 9,000. Likayeyushwa, likasafirishwa, likapotea katika hazina za dunia kama tone la maji katika bahari. Hakuna aliyewahi kulipiga picha likiwa zima. Michoro tuionayo leo ilichorwa baadaye, kwa kumbukumbu za wale waliolishuhudia. Waliliita Welcome Stranger, ambalo kwa lugha yetu tungeliita Karibu Mgeni, na tangu siku hiyo halijaokotwa bonge la namna yake lililolizidi uzito.

Wanahistoria wengi hustaajabia ukubwa wake. Mimi hustaajabia kina chake, maana lilikuwa limelala sentimita 3 tu chini ya uso wa ardhi, kipimo ambacho kuku akiparua vizuri angekikaribia. Ardhi hiyo haikuwa pori lisilokanyagwa. Ilikuwa nchi ya Wadja Dja Wurrung tangu dahari, nao waliijua kila bonde lake. Kisha, dhahabu ilipotangazwa mwaka 1851, watu wakaimiminikia kutoka pande zote, hata Victoria, iliyokuwa na watu 77,000 hivi mwaka ule, ikafikia watu zaidi ya 500,000 baada ya miaka 10. Walikuja Waingereza, Waailandi, Wajerumani na Wamarekani. Walikuja Wachina, ambao serikali ya koloni iliwatoza pauni 10 kila kichwa kwenye bandari zake kuanzia mwaka 1855, nao, badala ya kulipa dhuluma hiyo, wakashukia Robe katika koloni jirani la South Australia na kutembea kwa miguu mamia ya kilomita mpaka machimboni. Wachimbaji walitozwa leseni ya shilingi 30 kwa mwezi, wapate wasipate, hata mwezi Desemba 1854 wakashika silaha huko Ballarat katika ngome yao ya magogo iitwayo Eureka, wakapigwa na askari. Lakini mwaka uliofuata leseni ikafutwa, mahali pake pakawekwa hati ya pauni moja kwa mwaka, iliyoitwa Haki ya Mchimbaji, na hati ya jina hilo ingali ikitolewa Victoria hadi leo. Umma wote huo ulipita, ukachimba, ukaosha, ukagombana na kuhama, na baadhi yao, yamkini, walilikanyaga lile bonge wakienda kuchota maji.

Si kwamba walikuwa wazembe. Dhahabu ya nchi ile ilizaliwa ndani ya mishipa ya kwatzi iliyopenya miamba ya kale. Miamba ikaliwa na mvua na jua kwa mamilioni ya miaka, kwatzi ikavunjika, na dhahabu, ambayo uzito wake ni mara 19 ya uzito wa maji, haikubali kuchukuliwa mbali na vijito kama mchanga uchukuliwavyo, bali huzama pale pale, ikajificha katika nyufa za mwamba, chini ya changarawe, au kwenye udongo mwekundu wa miteremko. Bonge lililovikwa udongo huo halimetimeti hata kidogo. Hufanana na kokoto lolote lililopakwa kutu. Nao wale watu vyombo vyao vilikuwa sururu, beleshi, karai na susu ya kuoshea, navyo vyote vilikuwa watumishi wa jicho: udongo huoshwa ili jicho lione. Mahali ambapo hapakuwa na maji ya kuoshea, au pasipokuwa na dalili ya kumshawishi mtu achimbe, jicho halikuwa na kauli.

Basi ikalazimu dhahabu itafutwe kwa kiungo kingine, na mwanzo wa habari hiyo hauko machimboni kabisa, bali London, mwaka 1879, ambapo David Edward Hughes alionyesha chombo chake cha koili zilizowekwa sawa kama vitanga vya mizani: umeme ukipita katika upande mmoja, upande wa pili hunyamaza, mpaka kipande cha metali kisogezwe karibu, ndipo mizani huharibika na sikio lililo kwenye simu husikia. Kwa chombo hicho Hughes aliweza kutofautisha sarafu halali na ya bandia. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika stesheni ya reli mjini Washington, na madaktari walipoingiza vidole vyao visivyooshwa jerahani wasiipate risasi, aliitwa Alexander Graham Bell, mwenye simu, ambaye alikiboresha chombo cha namna ile na kukijaribu kwanza kwa askari wazee waliokuwa wangali na risasi za vita mwilini. Kwa wazee wale kililia. Kwa rais kilitoa uvumi wa kutatanisha usiokuwa na mahali, kwa sababu, kama ilivyosemwa baadaye, godoro lake lilikuwa na springi za chuma, na fauka ya hayo daktari mkuu aliyemwuguza alikuwa amekwisha kuamua kwamba risasi iko upande wa kuume, wala hakupenda itafutwe kwingine. Ilikuwa upande wa kushoto. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba, na walipomfungua ndipo wakaiona.

Nimekaa kidogo kitandani pa Garfield kwa kuwa mambo mawili yaliyomshinda Bell ndiyo yale yale yaliyomkabili kila mtafuta dhahabu aliyekuja baada yake: chuma kisichotakiwa kikipiga kelele chini ya kile kitakiwacho, na mtu aliyeshika chombo akiamini rai yake kuliko sauti aisikiayo.

Mtu aliyekitoa chombo hicho kitandani pa mgonjwa na kukipeleka shambani alikuwa Gerhard Fisher, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekaa California, ambaye kazi yake ilikuwa vyombo vya redio vya kuongozea ndege. Aliona kwamba vyombo hivyo hupotosha mwelekeo panapokuwa na metali au mawe yenye madini njiani, na mahali ambapo mtu mwingine angelalamika kuwa mashine ni mbovu, yeye alijiuliza kama ubovu huo hauwezi kuuzwa. Mwaka 1937 akapewa hataza ya chombo chake, Metallscope, visanduku viwili vya mbao vilivyofungwa kwenye mipini mirefu, na wanunuzi wakawa watu wa mabomba, watu wa umeme, na watafuta hazina wa kila aina. Kisha vikaja vita. Waingereza walikuwa wametega mabomu katika fukwe zao wenyewe, yakawaua askari wa Kipoland waliokuwa wakizilinda. Na ofisa mmoja wa Poland aliyekuwa Scotland, Józef Kosacki, akaunda kigundua-mabomu chepesi kilichoweza kuchukuliwa na mtu mmoja. Mwaka 1942 vyombo 500 vya namna hiyo vilipelekwa jangwani Misri, vikasafisha njia za jeshi huko El Alamein. Kosacki hakuomba hataza wala malipo. Alipata barua ya shukrani ya Mfalme, na jina lake likafichwa muda mrefu, kwani jamaa zake walikuwa wangali nyumbani mikononi mwa adui. Vita vilipokwisha, vyombo vya jeshi vikauzwa kwa raia kwa bei ya kutupa, na wakulima na watoto wa shule wakaanza kuvipitisha juu ya viwanja vya zamani, wakitafuta sarafu na vifungo vya nguo za askari.

Walakini kwa dhahabu hali ilikuwa bado, na sababu yake ni bei. Wakia moja ilishikiliwa katika dola 35 tangu miaka ya 1930, na kwa bei hiyo ni nani atakayeacha kazi yake azunguke porini na fimbo iliayo? Mwezi Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani aliukata uhusiano wa dola na dhahabu. Bei ikapanda, ikayumba, ikapanda tena, hata Januari 1980 ikagusa dola 850. Hapo ndipo barabara za Victoria, zile za Dunolly, Tarnagulla, Inglewood na Wedderburn, miji iliyokuwa imesinzia kwa karibu miaka 100, zilipojaa magari yenye kuvuta matrela ya kulalia, na ndani yake mafundi, wastaafu, wake kwa waume, kila mmoja na detekta yake ya kusakia metali.

Miongoni mwao alikuwamo Kevin Hillier. Tarehe 26 Septemba 1980, karibu na Kingower, kijiji ambacho mwaka 1857 kiliwahi kutoa bonge jingine mashuhuri, alikuwa akipitisha detekta ya kampuni ya Garrett katika uwanja ulio nyuma ya shule ya zamani, ardhi ambayo watoto walikuwa wakichezea, mara chombo kikalia. Alichimba kiasi cha sentimita 30. Bonge lilikuwa limesimama wima ardhini, kama mtu aliyezikwa kwa miguu, na lilipotoka lote lilikuwa na urefu wa sentimita 47 na uzito wa wakia 875, yaani kilo 27 na zaidi kidogo. Waziri Mkuu wa Victoria mwenyewe alihudhuria lilipotangazwa kwa waandishi wa habari mjini Melbourne. Likaitwa Hand of Faith, Mkono wa Imani. Mwaka uliofuata likanunuliwa kwa zaidi ya dola milioni moja za Marekani na kasino iitwayo Golden Nugget, likapelekwa Las Vegas likawekwa ndani ya kioo ili wacheza kamari walitazame.

Tuyalinganishe mabonge haya mawili. Deason aliuza uzito. Hillier aliuza umbo. Mwaka 1869 bonge la dhahabu lilikuwa dhahabu tu, na fuawe ilikuwa njia ya haki kabisa ya kulihesabu. Kufikia mwaka 1980 mabonge makubwa yalikuwa yamekwisha kuyeyushwa karibu yote, na lile lililosalia likawa na bei iliyopita sana thamani ya metali yake. Kuhusu mahali lilipoishia, nionavyo mimi Dunolly ilikuwa na adabu zaidi, lakini hiyo ni rai ya mtu asiyecheza kamari.

Baada ya Kingower kila mtu alitaka detekta, na wengi waliikasirikia. Udongo wa Victoria umejaa chuma: chuma kilichoyeyuka na kuganda katika udongo mwekundu, chuma katika vijiwe vyeusi vizito, chuma kilichoungua kwa moto wa misitu, na detekta, tukiri wazi, haijui dhahabu. Hupeleka uga wa sumaku ardhini, na chochote kiwezacho kupitisha umeme huamsha ndani yake mkondo mdogo, unaozunguka kama maji ya mtungi yaliyokorogwa, nao mkondo huo huijibu koili. Msumari hujibu. Kifuniko cha chupa hujibu. Na udongo wenyewe, ukiwa na chuma cha kutosha, hujibu kwa makelele ya kuzima kila sauti iliyo chini yake, kama mtu anayenong'ona sokoni.

Dawa yake ilipatikana Australia kwenyewe. Mwanafizikia Bruce Candy, wa kampuni ya Minelab iliyoanzishwa South Australia mwaka 1985, hakutaka chombo kiimbe mfululizo, bali kipige na kunyamaza: umeme husukumwa katika koili kwa mapigo, hukatwa ghafula, na katika kimya kile kifupi mno chombo husikiliza mwangwi unavyofifia. Mwangwi wa udongo hufifia kwa namna yake, na wa metali kwa namna yake. Ukipiga mapigo marefu na mafupi kwa zamu na kuyalinganisha, unaweza kuutoa udongo katika hesabu na kubakiza kile kilichomo. Mwaka 1995 ilipotoka mashine yao ya SD2000, watu walirudi katika mabonde waliyodhani wamekwisha kuyamaliza, na mabonde yakaanza kusema upya.

Mashine za ukoo huo hazikubaki Australia. Tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii ziliingia Sudani, zikaenea katika jangwa la Nubia, na Sudani Kusini ilipojitenga mwezi Julai 2011 ikaondoka na sehemu kubwa ya mafuta, dhahabu ikawa tegemeo la serikali na la vijana wasio na kazi kwa pamoja. Kuna jambo la ajabu hapa. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, ameeleza jinsi watafuta dhahabu wa Wadi Allaqi, katika jangwa hilo hilo, walivyokuwa wakikaa usiku wakiutazama mchanga, na kila aliyeona kitu kinang'aa gizani alipatia alama, akangoja asubuhi aje auchukue mchanga wake akauoshe. Wajukuu wa ardhi ile sasa hutembea mchana kweupe, macho yao hayatazami kitu, masikio yamezibwa na vipokea sauti. Na fitina ni ile ile: mwaka 2013 watu wa Jebel Amir, Darfur ya Kaskazini, walipigana vita kwa ajili ya machimbo, maelfu wakayahama makao yao. Mwaka uliofuata watu wakakimbilia Djado, kaskazini ya Niger, mpaka serikali ilipoifunga sehemu hiyo mwaka 2017.

Huku kwetu Tanzania tuna Lupa, katika wilaya ya Chunya, ambako dhahabu iligunduliwa mnamo mwaka 1922 na ambako, katika miaka ya 1930, mamia ya wachimbaji wa Kizungu walipiga hema kandokando ya vijito, huku vibarua wa Kiafrika wakichimba na kuosha. Ile nayo ilikuwa dhahabu ya karai na ya jicho. Wachimbaji wadogo wapitao leo na detekta katika mashimo ya zamani ya Lupa wanafanya lile lile lifanyikalo Moliagul: wanayauliza maeneo ya wafu walisahau nini.

Na Moliagul kwenyewe, ambako tangu mwaka 1897 pamesimama mnara wa mawe wa kumbukumbu ya Karibu Mgeni, watu hawajaacha kuuliza. Mtu huamka alfajiri kabla ya jua kali, hutia Haki ya Mchimbaji mfukoni, huacha funguo garini, kwani funguo nazo zitalia, kisha huingia kati ya miti akiipitisha koili kushoto na kulia, karibu na ardhi kadiri iwezekanavyo bila kuigusa, polepole kuliko mtu afukizaye ubani chumbani. Masikioni mwake mna uvumi mwembamba usiokatika, na anachokingojea si kelele, ila uvumi huo ujikunje: upande kidogo, ushuke kidogo, kama mtu aliyeguna usingizini. Anarudi nyuma hatua moja. Anapitisha tena. Unajikunja pale pale. Anakwangua majani kwa kiatu, na sauti haikuhama. Basi hiki kipo ndani. Sururu inashuka mara nne, mara tano, koili inaingizwa shimoni, nako kimya. Kumbe kimekwisha kutoka, kimo katika rundo la udongo. Anachota kwa kikombe cha plastiki, kwa kuwa cha bati kingejililia chenyewe, anapitisha kikombe juu ya koili: kimo. Anamwaga nusu kiganjani. Hakimo kiganjani. Anaigawa nusu iliyobaki, kisha robo, mpaka kimebaki kibano cha udongo mwekundu kati ya vidole viwili, na kinalia.

Anautemea mate, anausugua kwa kidole gumba. Kisha anaigusisha ile punje kwenye sumaku iliyobandikwa ubavuni mwa sururu, nayo inarukia na kung'ang'ania: ni msumari mfupi wa soli ya kiatu, umeliwa na kutu, wa viatu vya namna walivyovaa wachimbaji wa zamani. Anautia katika mfuko wa takataka, pamoja na wenzake wa asubuhi ile, ili kesho usije ukampotezea mtu mwingine wakati, anafukia shimo, na anainyanyua koili.